Bangili ya Mama

4 Februari

Dada yangu Sindano,

Shikamoo. Nimetanguliza shikamoo usije ukasema nimesahau adabu huku juu ya nguzo. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu hupokei. Fundi viatu wa mtaani kwenu ameniambia simu yako umeizima na kuifukia ndani ya debe la unga. Dada, simu haing'ati.

Ndani ya kifurushi hiki kuna bangili nyeusi ya mpira. Ni ya mama. Aivae mchana na usiku, hata akioga. Inasoma mapigo ya moyo, na kwa kuwa mtaa wenu sasa umefikiwa na mtandao wa kizazi kipya, mapigo hayo yanafika zahanati na kwenye simu yangu papo hapo, kabla mama hajamaliza kupiga chafya. Ndiyo kazi yangu siku hizi, kufunga vile visanduku vyeupe juu ya mapaa na nguzo za taa.

Baba alipoanguka, mimi nilipata habari kesho yake, watu wameshakaa msibani. Moyo wa mama nao umeshaanza kusumbua. Sitaki tena kuambiwa kesho yake.

Mwambie ni zawadi. Usimwambie ni mashine.

Mdogo wako,
Mrefu


11 Februari

Mdogo wangu Mrefu,

Marahaba. Bangili imefika. Mama ameigeuza mbele na nyuma akauliza, "Dhahabu ilikwisha?" Nimemvalisha hivyo hivyo.

Sasa na mimi nikuulize. Kisanduku chenu kimoja kimefungwa juu ya paa la duka la rangi, na kinatazama dirisha langu moja kwa moja. Walikuja mafundi wawili, salamu hakuna, wakafunga, wakashuka, wakaenda zao. Hakuna aliyeulizwa. Tangu siku hiyo nikiinuka kwenye cherehani kichwa kinazunguka, na ngazi za nyumbani nazipanda kwa vituo. Muuza magazeti naye anasema hapati usingizi. Lisemwalo lipo, Mrefu, na kama halipo laja.

Ama simu, nitakuambia kwa nini iko kwenye unga. Nilikuwa na shoga yangu dukani, tunaongea mambo ya mapazia. Kwa mdomo tu. Simu iko mezani imelala. Jioni naifungua, inanitangazia mapazia, mpaka rangi niliyoitaja. Shoga hakumwambia mtu, mimi sikumwambia mtu. Basi tulikuwa wangapi pale dukani?

Tuandikiane. Barua ikifunguliwa njiani, angalau gundi itaonyesha.

Dada yako,
Sindano


20 Februari

Dada Sindano,

Shikamoo. Gundi yako imefika salama.

Hayo mawimbi unayoyaogopa ni manyonge. Ukuta mnene unayazuia, hata majani ya mti yakilowa mvua yanayasumbua, ndiyo maana tunafunga visanduku vingi karibu karibu. Kitu kinachoshindwa na majani kitakuzungusha wewe kichwa? Wewe unainama kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka giza, huli kwa wakati. Kunywa maji, pumzika, kitakwisha.

Sikatai, mtandao huu una lawama zake. Unataka simu mpya na watu hawana. Unakula umeme, na umeme ukikatika visanduku vyetu vinabaki mapambo. Na hilo la mapazia sina jibu lake, nami limenikera. Lakini wiki iliyopita nimeshuhudia daktari akiangalia moyo wa mgonjwa aliye mji mwingine, unadunda kwenye kioo kama yuko pale pale kitandani. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Sasa kuna jambo. Jumanne mama alitoka nyumbani asubuhi, akapita nyuma ya duka la rangi, akakaa mahali pamoja mpaka adhuhuri. Alhamisi hivyo hivyo. Peke yake. Alikwenda wapi? Na wewe ulikuwa wapi? Nilidhani mama ana mtu wa kumwangalia.

Mdogo wako,
Mrefu


27 Februari

Mrefu,

Shikamoo yako sikuipokea. Ibaki huko huko.

Kumbe si moyo tu. Ulisema moyo. Sasa inakusomea na njia aliyopita, na mahali alipokaa, na alikaa na nani au peke yake. Nani mwingine anasoma? Zahanati? Wakubwa zako? Au ni yeyote aliyekaa mbele ya kioo na hana la kufanya? Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikifunga kwa mikono yangu kwenye mkono wa mama yangu.

Na mimi unaniuliza nilikuwa wapi! Mimi ninayemsugua mgongo! Wewe nyayo zako hazijaonekana kwenye kizingiti hiki tangu tulipomzika baba, halafu unanihesabia saa kama msimamizi wa kiwanda.

Mama alikwenda alikokwenda. Ni mtu mzima, na wewe alikuzaa yeye.

Usihofu, bangili haitavuliwa. Mapigo yako utayapata. Ila habari za njia usiniulize tena.

Sindano


2 Aprili

Dada,

Shikamoo, uipokee au usiipokee.

Mwezi mzima sikuuliza njia. Ninaona mwenyewe kwamba mama hatoki tena, ni nyumbani na dukani kwako, dukani kwako na nyumbani. Nafurahi mnashinda pamoja. Lakini yapo mambo mawili yamenikaa vibaya.

La kwanza, mkono wa mama unatikisika kutwa. Unatikisika, unatikisika, unatulia wakati wa chakula, halafu unaanza upya. Ameanza kutetemeka, nawe hukuniambia?

La pili, na hapa usinitanie. Moyo wake unaruka. Mara unakimbia bila sababu, mara unasita, unanyamaza, mpaka unadhani hautapiga tena, halafu unapiga. Zahanati wamenipigia. Daktari ameangalia michoro akaagiza vidonge vingine vya moyo, vikali kuliko vya zamani. Muuguzi atavileta nyumbani.

Niambie kweli. Mama anasikia kizunguzungu? Anachoka akipanda ngazi? Usinifiche. Kama unanificha ili nisiulize, hiyo siyo hasira tena, hiyo ni hatari.

Mdogo wako,
Mrefu


8 Aprili

Mrefu,

Marahaba.

Mama mzima kama kengele. Ngazi anapanda akiimba, na njiani ananipita mimi. Mkono gani unaotikisika? Jana ametunga uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, mimi nimeshindwa. Tazama mwenyewe mambo yalivyopangwa. Mashine ni yao, mtandao ni wao, ugonjwa wameuona wao, dawa wanazo wao. Mama katoa mkono tu. Sisi hatukuzaliwa jana.

Muuguzi amekuja na vidonge. Nauliza tu: mtu asiye na ugonjwa wa moyo akivinywa, vinamfanya nini? Nauliza tu, lakini jibu upesi.

Mimi kichwa ni kile kile. Juzi nilijilaza kidogo kwenye meza ya kukatia, nikaamka mteja ananipepea kwa kitambaa chake mwenyewe. Ni kisanduku chenu hicho. Nimetundika shuka nzito dirishani.

Dada yako,
Sindano


12 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Barua hii nimeituma kwa fundi viatu akukabidhi wewe mkononi. Dada asiione.

Dada ananificha jambo. Ninamwambia moyo wako unaruka, anasema unaimba ngazini. Halafu ananiuliza dawa hizo zinamfanya nini mtu asiye mgonjwa, eti anauliza tu. Nani anauliza tu swali kama hilo? Nimeogopa. Vidonge vile vinaweza kumwangusha mtu mzima, nimemtuma fundi viatu akuambie usivinywe mpaka uonwe na daktari ana kwa ana.

Mama, niambie bila kumwonea haya. Anakutunza? Anakuacha peke yako? Mbona siku hizi hutoki? Amekukataza?

Kila nikishuka nguzoni naangalia moyo wako. Juzi ulisita muda mrefu mpaka nikapanda tena nimesahau kufunga mkanda. Mwenzangu ndiye aliyeniita.

Mwanao,
Mrefu


16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, baba. Umeandika barua nzima ya kumsengenya dada yako kwa mama yake. Nimeichoma jikoni asije akaiona.

Bangili sina. Niliivaa siku chache ikaniwasha, nikanyamaza kwa kuwa ulisema zawadi. Ulipoanza kuuliza nakwenda wapi, dada yako akaivua mkononi mwangu akaivaa yeye. Akasema, "Mwache mwanao apeleleze cherehani." Tulicheka, nisikufiche. Huo mkono unaotikisika kutwa ni wake, anazungusha gurudumu la cherehani. Na mimi natoka kila siku. Nakwenda kwa mke wa fundi viatu, tunakaa uani tunasema watu. Mtu wa umri wangu anahitaji mahali pa kusema watu bila mnara kusikia.

Vidonge sikumeza hata kimoja. Daktari hajanishika mkono, ananijuaje? Moyo huu nimeishi nao, najua unavyobisha. Nilivitia ndani ya buli lililovunjika mdomo. Dada yako alikuja mbio kunizuia, macho yamemtoka, nikamwonyesha buli. Akakaa chini akalia. Nilidhani analia kwa kunihofia mimi.

Mimi mzima, Mrefu. Sina kizunguzungu, sichoki ngazini. Anayechoka ni yeye. Anayelala juu ya meza mchana ni yeye. Nilikuwa nimeanza barua hii kwa kukugombeza, nimefika hapa nimeisoma upya tangu mwanzo. Kama mashine yako haisemi uongo, basi huo moyo unaosita ni wa nani?

Naogopa, mwanangu.

Mama yako


18 Aprili

Dada,

Shikamoo. Usikasirike na mama, kaniambia.

Moyo ule ni wako. Michoro yote niliyokuwa naikodolea macho tangu mwezi wa tatu ni yako wewe. Kizunguzungu ulikitaja kwenye barua yako ya kwanza kabisa, nami nikakujibu unywe maji. Nimekuwa nikimtafuta mgonjwa asiyekuwepo, na mgonjwa alikuwa ananiandikia mwenyewe.

Nimempigia fundi viatu akuletee simu yake dukani, umekataa kuigusa. Sawa, usiguse. Sema na yeyote unayemtaka, lakini nenda hospitali kubwa leo. Siyo zahanati, hospitali. Usiseme kesho. Nakuomba, dada. Huu siyo upelelezi.

Mdogo wako


20 Aprili

Mrefu,

Nimekusoma. Umeandika vizuri, karibu nikuamini.

Mwanzoni mgonjwa alikuwa mama. Mama amekutwa mzima, sasa mgonjwa ni mimi. Na mimi nikikutwa mzima itakuwa zamu ya nani, paka? Mashine iliyokosea mwenye mkono itashindwa kukosea moyo? Najua kinachoniumiza. Kiko juu ya paa la duka la rangi, kinanitazama sasa hivi ninapoandika, shuka limeanguka upande mmoja.

Halafu nikuambie linalonichoma. Miezi yote hiyo ulikuwa unanitazama mimi. Nilivyolala, nilivyoamka, nilivyokaa chini nikilia juu ya vidonge vya mama. Yote ulikuwa nayo kwenye simu yako, na hukujua ni mimi. Ndugu yangu wa tumbo moja.

Bangili nimeivua. Nimeitia kwenye debe pamoja na simu. Nitakufa au sitakufa, lakini hutanitazama tena.

Sindano


21 Aprili

Mama,

Bangili imenyamaza tangu jana. Kwenye kioo ni mstari umenyooka tu. Sijui ameivua au ni jambo lile. Fundi viatu hapatikani, umeme umekatika huko kwenu na visanduku vyote vimezima. Ni kama vile ninavyovifunga mimi mwenyewe.

Dereva wa basi la alfajiri amekubali kukuletea barua hii. Mpeleke, mama. Hata kwa kumburuta.

Mwanao


3 Mei

Mwanangu Mrefu,

Dada yako yu hai. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome umekaa. Fundi viatu amesema alikuambia kwa simu kuwa tuko hospitali, lakini yeye hajui mambo ya ndani, na mengine hayasemwi mbele ya watu wanaosubiri viatu vyao.

Barua yako ya basi ilinikuta asubuhi. Nikaenda dukani, nikapanda kwenye meza yake, nikakalia kitambaa alichokuwa anakikata. Akasema, "Mama, hiyo ni nguo ya bibi harusi!" Nikamwambia bibi harusi ataolewa hata na gauni la shule, mimi sina pa kumpata binti mwingine. Akasimama kwa hasira aje kunishusha. Hakufika. Akashika ukuta, midomo ikapauka, akateleza taratibu mpaka chini. Nikamwambia, mficha maradhi kifo humuumbua, haya inuka. Hakubisha tena.

Hospitali, daktari wa kike, mdogo kuliko wewe, alimshika mkono, akamsikiliza kifua, akamfunga nyaya. Akasema moyo unasita, na siku moja utasita usirudi. Kisanduku cha paa hakihusiki, alimwambia hivyo bila kumcheka. Akaomba michoro ya bangili, zahanati wakaituma. Akasema kama isingekuwa hiyo, angehangaika sana kuukamata moyo huo, kwa kuwa ukifika hospitali unajifanya mwema. Hapo mtandao wako umetufaa. Usijisifu.

Wanataka kumwekea betri ya moyo, chini ya ngozi, hapa juu ya ziwa la kushoto. Itauamsha moyo kila ukisinzia. Daktari akaongeza kwa furaha kwamba za siku hizi zinatuma habari zenyewe kwa mtandao, popote mgonjwa alipo. Angejua angenyamaza. Dada yako akaketi kitandani wima. "Ndani ya kifua changu? Iongee na mnara?" Akageukia ukuta, akakataa kabisa. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamtukana. Nilisema nitamtangulia mimi kaburini. Hakugeuka.

Aliyemgeuza ni daktari. Alikuja na kiti chake akakaa, akamwambia aulize anachotaka. Dada yako akauliza yote. Nani anaona habari hizo? Zinawekwa wapi? Mtu wa nje anaweza kujipenyeza? Umeme ukikatika moyo nao unazima? Daktari akajibu kwamba betri haitegemei mtandao kupiga kazi, hata visanduku vyote vizime moyo utaamshwa. Mengine alijibu. Mengine akasema, "Hilo sijui, dada, na wala sitakudanganya." Nilidhani hapo ndipo mambo yatakapoharibika. Kumbe hapo ndipo alipoanza kumwamini. Akasema atakubali kuwekewa.

Basi kwenye karatasi ya ridhaa kuna mahali pa mtu wa kupewa habari, moyo ukileta matata. Daktari alikuwa ameshaandika jina lako na namba yako, alizipata zahanati. Dada yako akachukua kalamu akakukata. Akaandika jina langu.

Daktari akasema, "Lakini mama hana simu."

Dada yako akasema, "Najua. Yuko nyumbani."

Sikulia mbele yake. Nililia kwenye koridoo, na mfagiaji akanipa kiti. Nakuambia ili ujue, siyo ili uumie. Au sawa, uumie kidogo. Umetuma bangili, umetuma simu, umetuma muuguzi na barua na dereva wa basi. Kila kitu umekituma isipokuwa mwenyewe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu, hata ukiipeleka kwa mtandao wa kizazi gani.

Hana chuki nawe. Usiku anakutaja akidhani nimelala. Wanamfanyia Jumatatu ijayo asubuhi, na wameniambia karatasi ina nafasi ya jina la pili, iko wazi. Nikamwuliza dada yako kama nikujaze wewe. Alivuta shuka mpaka kidevuni. Halafu akasema, "Usimwandikie. Aje aandike kwa mkono wake."

Mama yenu